UZI: Mwanajeshi akiendesha gari akiwa amelewa, nani anamshika na nani anamhukumu?

1/
Mjadala wa pombe na barabara ukianza hapa Kenya, haupiti dakika kumi kabla mtu hajauliza: "Na wanajeshi je? Si wao hupita tu kwa kizuizi?" Mmoja anajibu jeshi lina sheria zake. Mwingine anasema pombe ipigwe marufuku kambini. Wa tatu anataka wageni wa Nanyuki warudi kwao. Wote wanapiga kelele, na kila mmoja anazungumzia kitu tofauti. Leo tuzipange hizi hoja moja baada ya nyingine.

2/
Kama kawaida ya hizi nyuzi zangu, hakuna mwanasiasa wala chama kitatajwa. Ukija kwa komenti kutafuta nani amepigwa vijembe, utarudi mikono mitupu. Tunaanza na sheria yetu, tunaenda Japani na Marekani ambako hii vita imepiganwa miaka mingi, halafu tunarudi nyumbani na maswali ya kuuliza. Vuta kiti.

3/
Kwanza raia wa kawaida. Sheria ya Trafiki, Sura 403, kifungu cha 44: ukiendesha gari barabarani huku umelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti, ni kosa. Adhabu ni faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Ukiua mtu, unaingia kifungu cha 46, na hapo kifungo kinaweza kufika miaka 10. Shika hayo maneno "kushindwa kulidhibiti". Yana kazi.

4/
Mwaka 2011 zikaja kanuni za Alcoblow, ile mashine ya kupuliza. Kiwango kiliwekwa mikrogramu 35 za kilevi kwa mililita 100 za pumzi. Watu walishikwa usiku kucha, asubuhi wakapelekwa kortini wakiwa na viatu vya klabu. Kisha 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema ngoja: sheria mama inataka uthibitisho kwamba dereva alishindwa kudhibiti gari. Kanuni haiwezi kujitungia kosa lake la "kupita kiwango" ambalo sheria yenyewe haina.

5/
Kwa hivyo mtu akikwambia "Kenya tuna sheria kali za ulevi barabarani", mwambie adhabu iko, lakini namna ya kuthibitisha kosa ndiyo imekuwa na matobo. Mashine ikisema 50, wakili anauliza: sawa, lakini gari liliyumba? Nani aliona? Hii ni kwa kila dereva, awe wa matatu, wa probox au mwenye gari la serikali. Tusilaumu jeshi kwa tobo ambalo ni letu sote.

6/
Sasa mwanajeshi. Tuseme ni Jumamosi, hayuko kazini, yuko kwa gari lake, amevaa jinzi. Anatoka baa ya Kahawa Wendani akielekea nyumbani. Kifungu cha 44 kinamhusu vile kinakuhusu wewe. Hakuna mstari kwenye Sheria ya Trafiki unaosema kadi ya kazi ni kinga. Karao akimwachilia baada ya kuona kadi, hiyo ni huruma ya karao. Usiiite sheria.

7/
Lakini mwanajeshi ana mlango wa pili ambao wewe huna. Sheria ya KDF ya 2012 inataja ulevi kama kosa la kijeshi lenyewe. Na tafsiri yake haiangalii mashine. Ni mawazo yaliyorithiwa kutoka sheria za jeshi la Uingereza: kama kilevi kimekufanya usifae kukabidhiwa kazi yako, au unafanya fujo, au unaliletea jeshi aibu, umelewa. Kwa hivyo mwanajeshi anaweza kuwa na kosa hata kabla ya kugusa usukani.

8/
Kesi za namna hiyo zinaweza kwenda mahakama ya kijeshi. Na hiyo si kitu cha kichochoroni. Katiba, Ibara ya 169, inaitaja wazi kati ya mahakama za chini, pamoja na za mahakimu na za Kadhi. Ukihukumiwa huko unaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Pia makosa ya kiraia yanaweza kusikilizwa kama makosa ya kijeshi. Ndiyo maana swali la "nani atamhukumu" lina maana.

9/
Wengine husema wanajeshi ni raia kama sisi, full stop. Si hivyo kabisa. Ibara ya 24(5) inaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki zao: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, haki za kazi, haki za kiuchumi na kijamii, hata haki za mtu aliyekamatwa. Kamanda anaweza kuingilia maisha ya askari wake vile bosi wako hawezi. Ila Ibara ya 25 inasema haki ya kesi ya haki haiguswi kwa mtu yeyote. Kombati haiiondoi.

10/
Kwa ufupi hadi hapa: mwanajeshi mlevi barabarani anakabiliwa na sheria mbili, ya trafiki na ya jeshi. Kwa karatasi, yeye ndiye ana hatari zaidi kuliko wewe. Basi mbona wananchi wengi wanaamini kinyume? Kwa sababu kesi ya kijeshi haionekani. Wewe ukishikwa, picha yako iko mtandaoni kabla ya saa tatu asubuhi. Yeye akiadhibiwa ndani ya kambi, nani atajua?

11/
Na hapa ndipo ningependa tusafiri hadi Okinawa. Ni kisiwa cha kusini mwa Japani. Ardhi yake ni karibu asilimia 0.6 tu ya Japani yote, lakini imebeba karibu asilimia 70 ya eneo lote linalotumiwa na kambi za Marekani peke yake nchini humo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisiwa kilitawaliwa na Wamarekani hadi Mei 1972. Polisi wa Okinawa waliangalia tu mambo mengi yakipita.

12/
Septemba 1970, mji wa Itoman: mwanajeshi wa Marekani aliyekuwa amelewa alimgonga mwanamke mmoja kwa gari, akafa. Wenyeji walikesha wakilinda gari lisiondolewe, wakiogopa ushahidi utapotea. Kesi ikaenda mahakama ya kijeshi ya Wamarekani. Desemba ikaja hukumu: hana hatia. Familia na majirani hawakuwa na mahali pengine pa kupeleka malalamiko yao.

13/
Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 20 Desemba 1970, katika mji wa Koza, dereva mwingine Mmarekani aliyekuwa amekunywa akamgonga mtu aliyekuwa akitembea. Huyu hakufa, alijeruhiwa tu. Lakini umati ukakusanyika, polisi wa kijeshi wakafika, watu wakaanza kupaza sauti wakitaja Itoman. Kufikia asubuhi magari zaidi ya 70 ya Wamarekani yalikuwa yamechomwa. Maelfu ya watu walikuwa barabarani. Hakuna aliyeuawa.

14/
Fikiria hilo vizuri. Kilichowasha moto kilikuwa ajali ndogo kuliko ile ya kwanza. Watu hawakuwa wanahesabu tu majeruhi wa usiku huo. Walikuwa wanahesabu hukumu. Mlevi mmoja akiua ni msiba. Mlevi akiua na akaachiliwa na watu wake mwenyewe, nyuma ya ukuta, bila jirani wa marehemu kuelewa kwa nini, hiyo inageuka kuwa siasa. Anayesema "jeshi litamshughulikia" inafaa asome hii hadithi kwanza.

15/
Okinawa ikarudi Japani 1972, na Mkataba wa 1960 kuhusu hadhi ya majeshi ya Marekani ukaanza kutumika huko. Mikataba hii hugawa kesi. Kwa kawaida kosa la mwanajeshi mgeni dhidi ya mwenyeji, nje ya kazi, nchi mwenyeji ndiyo yenye haki ya kwanza kusikiliza. Lakini kosa likitokea "akitekeleza kazi rasmi", haki ya kwanza ni ya nchi iliyomtuma. Maneno mawili, kazi rasmi. Vita vyote viko hapo.

16/
Sasa jiulize: mwanajeshi akitoka kwa sherehe ya kikosi aliyolazimika kuhudhuria, amekunywa huko, anaendesha kurudi nyumbani, je, yuko kazini? Utacheka. Lakini kulikuwa na maelewano ya 1956 kati ya Marekani na Japani yaliyosema safari ya kwenda na kurudi kazini inahesabiwa kazi rasmi. Ukinywa, hiyo sifa inaondoka. Isipokuwa ulinywa kwenye hafla rasmi! Huo mwanya ulikaa hapo kwa karatasi zaidi ya miaka 50.

17/
Ulizibwa Desemba 2011 baada ya shinikizo la wananchi. Sasa ukinywa, hata kama ni kwenye hafla ya kikosi, kisha uendeshe, huwezi kusema ulikuwa kazini. Ona vile sentensi moja ndani ya makubaliano ambayo hakuna mtu anayasoma inaweza kuamua kama familia itapata siku yake kortini. Hii ndiyo sababu nawaambia kila siku: someni viambatisho. Hotuba hazina viambatisho.

18/
Turudi kwa hoja ya marufuku. "Si wakatazwe tu pombe?" Imejaribiwa. Novemba 2017, mjini Naha, mwanajeshi wa Marekani aliyekuwa amelewa na akiendesha lori la jeshi aligonga gari dogo, akamuua mzee wa miaka 61. Makamanda wakapiga marufuku pombe kwa wanajeshi wao wote nchini Japani, ndani na nje ya kambi, na walio Okinawa wakaambiwa wasitoke. Marufuku ikalegezwa baada ya wiki chache. Na kukamatwa kwa wanajeshi walevi barabarani Okinawa kuliendelea miaka iliyofuata.

19/
Si kwamba marufuku haifanyi kazi popote. Jeshi la majini la Marekani liliondoa pombe melini mwaka 1914, na hadi leo meli ni kavu. Kuna ruhusa moja: mabaharia wakikaa siku 45 mfululizo baharini, wanaweza kupewa bia mbili kila mmoja. Waingereza nao walikuwa wanawagawia mabaharia ramu kila siku hadi tarehe 31 Julai 1970. Jeshi lenyewe lilikuwa likiwanywesha, kwa ratiba! Halafu tunashangaa utamaduni umetoka wapi.

20/
Pia tangu 1990, wakati wa vita vya Ghuba, wanajeshi wa Marekani wanaotumwa sehemu nyingi za Mashariki ya Kati hukatazwa pombe kwa amri ya kamanda. Melini na vitani marufuku inashika kwa sababu hakuna baa nje ya lango. Ukiweka marufuku hiyo hiyo kwa kambi iliyo kilomita mbili kutoka mjini, unachofanya ni kuhamisha kunywa kutoka mesi hadi mjini. Na kati ya mjini na kambi kuna nini? Barabara. Na gari.

21/
Hoja ya umri sasa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1984 iliyobana pesa za barabara kwa jimbo lolote lenye umri wa kunywa chini ya miaka 21. Kwa hivyo kijana wa miaka 18 anaweza kupewa bunduki na kutumwa vitani lakini hawezi kununua bia. Zamani kambi zilikuwa zinawauzia vijana wadogo. Majimbo yakalalamika, Bunge lao likaamuru umri wa kambini ulingane na wa jimbo, isipokuwa sehemu chache kama zilizo karibu na mpaka wa Mexico au Canada, ambako kamanda anaweza kushusha umri.

22/
Kwa nini wakaweka hiyo ya mpaka? Kwa sababu vijana walikuwa wanavuka kwenda kunywa upande wa pili, halafu wanaendesha usiku kurudi. Waliona bora kijana anywe karibu na kitanda chake kuliko anywe mbali akiwa na funguo mfukoni. Usikubali wala usikatae haraka. Lakini ona hesabu waliyofanya: swali lao halikuwa "kunywa ni dhambi?" Lilikuwa "atarudije nyumbani?"

23/
Hii inatugusa. Sheria yetu ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 inasema miaka 18. Sera ya taifa iliyotolewa Julai 2025 inapendekeza ipandishwe hadi 21. Pendekezo la sera si sheria bado, tuelewane. Lakini usajili wa KDF huanza miaka 18. Likipita, tutakuwa na askari wa miaka 19 anayelinda mpaka Mandera na hawezi kuuziwa chupa moja akiwa likizo. Je, mesi ya kambi itafuata umri wa nje? Mnaopigia sera makofi na mnaoipinga, mmeuliza hilo?

24/
Sasa hoja inayopendwa zaidi: "ongeza adhabu". Wanaochunguza uhalifu wamekubaliana kwa muda mrefu juu ya jambo moja: kinachomzuia mtu zaidi ni uhakika wa kushikwa, kuliko ukubwa wa adhabu. Kifungo cha miaka 10 ambacho hakuna mtu hupata ni kelele. Faini ndogo ambayo kila mlevi wa Ijumaa anajua itampata inabadilisha tabia. Kizuizi kinachosimama leo na kupotea miezi mitatu kinafundisha watu kubahatisha.

25/
Na jeshini adhabu kubwa ina kasoro ya ziada. Kama kosa moja linamaliza kazi ya mtu, wenzake watamficha. Sajini atalipa fundi wa gari kimya kimya. Mwenye tatizo la pombe hataenda kwa daktari wa kikosi kwa sababu daktari anaandika na kamanda anasoma. Hapa nazungumzia pia askari waliorudi kutoka Somalia na vitu walivyoviona huko. Wengine wanakunywa ili walale. Ukimpa huyo tishio pekee, umemfundisha kunywa kwa siri.

26/
Jeshi la nchi kavu la Marekani lilibadilisha hilo 2019: askari anaweza kujipeleka mwenyewe kutibiwa ulevi, kabla ya kosa lolote, bila kuandikishwa moja kwa moja kwenye mpango wa lazima unaosimamiwa na kamanda. Akiendesha amelewa, hiyo ni kesi nyingine, adhabu iko: kosa chini ya kanuni zao za kijeshi, kiwango 0.08, na kupoteza ruhusa ya kuendesha gari kambini kwa mwaka mmoja. Mlango wa hospitali na mlango wa korti wakautenganisha.

27/
Kuna mbinu nyingine zisizo na makelele. Kwenye kambi nyingi za jeshi la anga la Marekani, askari wenyewe hujitolea usiku wa wikendi. Unapiga simu, mwenzako anakuja kukuchukua, bure, na jina lako halifiki kwa kamanda. Unaweza kusema huko ni kulea walevi. Lakini gari moja la kujitolea usiku wa siku ya mshahara linamtoa dereva mlevi barabarani saa ile ile. Mahakama humfikia baada ya ajali.

28/
Japani wao walibana pande zote. Mwaka 2006, Fukuoka, mtumishi wa serikali ya mji aliyekuwa amelewa aligonga gari la familia darajani likatumbukia baharini. Watoto watatu wakafa. Mwaka uliofuata sheria ikakazwa: anayekupa gari akijua umelewa ana kosa, anayekuuzia kinywaji akijua utaendesha ana kosa, hata abiria anayekubali kubebwa ana kosa. Kiwango chao ni kama 0.03, chini ya nusu ya kile cha Marekani. Ulevi barabarani ukawa kosa la meza nzima.

29/
Uingereza nao, kutoka 2013, waliweka viwango maalum kwa wanajeshi walio kwenye kazi za hatari, na kamanda akishuku anaweza kuagiza mtu apimwe. Kazi kama kurusha ndege ina kiwango cha chini kabisa. Hii ni tofauti na "amelewa kwa sababu mkubwa amesema amelewa". Namba inamlinda raia, na inamlinda pia askari dhidi ya mkubwa mwenye chuki. Kwa nchi ambayo Alcoblow yake ilikwama kortini kwa ukosefu wa msingi wa sheria, hapo kuna somo.

30/
Sasa Nanyuki. Mkataba wetu wa ulinzi na Uingereza ulitiwa saini 2021 na Bunge likauridhia 2023, baada ya mabishano makali kuhusu nani atasikiliza kesi ya mauaji. Mabishano hayo yalikuwa halali kabisa, kuna familia iliyokuwa imengoja haki tangu 2012. Lakini mauaji yaliteka mjadala wote. Yale ya kila wiki, lori au gari la mgeni aliyekunywa kwenye barabara ya Nanyuki, yalizungumzwa kidogo mno. Na huko ndiko maneno "kazi rasmi" yanaweza kukung'ata.

31/
Tahadhari moja. Ukiwa mkali kwa mgeni wa Nanyuki, uwe na kipimo hicho hicho kwa kijana wetu wa Kahawa au Gilgil. Huwezi kudai Mwingereza ahukumiwe mbele ya wananchi, halafu useme Mkenya aachiwe jeshi "kwa heshima ya kombati". Watu wa Koza waliona uchungu kwa sababu haki ilifichwa. Uraia wa dereva ulikuwa nusu tu ya hasira. Ukuta ulikuwa nusu nyingine.

32/
Upande wa pili pia una hoja, na tusiudharau. Jeshi haliwezi kuendeshwa kwa kura ya maoni ya mtandao. Nidhamu inahitaji kasi: kamanda anayengoja kesi ya trafiki iahirishwe mara kumi na moja hana kikosi. Na Ibara ya 50 inasema mtu asishtakiwe mara mbili kwa kosa ambalo tayari amehukumiwa au ameondolewa lawama. Kwa hivyo kuchagua mlango ni uamuzi mzito. Ukianza na ule wa kijeshi, ule wa kiraia unaweza kufungwa kabisa.

33/
Mimi nasimama wapi? Kosa likiwa ndani ya kambi na hakuna raia aliyeguswa, jeshi lishughulike, haraka. Likiwa kwenye barabara ya umma, au raia ameumia, liende mahakama ya kawaida, mlango wazi, na familia ikae kwenye benchi isikie. Jeshi libaki na uwezo wa kumshusha cheo au kumwachisha kazi baadaye. Unaweza kupinga. Ila ukipinga, niambie familia ya aliyegongwa itajua vipi kilichoamuliwa.

34/
Mwanasiasa akija kwa mkutano au kwa studio na hii mada, muulize haya:
– Unataka kurekebisha kifungu cha 44 ili kiwango cha mashine kiwe kosa, ndiyo au hapana?
– Kesi ya raia aliyegongwa na mwanajeshi itasikilizwa wapi?
– "Kazi rasmi" kwenye mikataba ya majeshi ya kigeni inajumuisha mtu aliyekunywa?
– Umri ukiwa 21, mesi itafuata?
– Askari anayetaka kuacha pombe ataenda wapi bila kupoteza kazi?

35/
Akijibu "tutachukua hatua kali", hajajibu hata moja. Mrudishe kwa namba ya kwanza. Mkiwa na maswali mengine ya sheria ya trafiki au mahakama ya kijeshi, wekeni hapa chini nitayapitia jioni baada ya darasa. Uzi unaofuata ni wa pesa za kaunti na leseni za baa: kwa nini kaunti inayolalamika kuhusu walevi ndiyo hiyo hiyo inayotegemea ada zao. Na kama uko nje usiku huu umekunywa, wacha gari hapo. Piga simu ya teksi.